Karatasi Ikitoka, Utazame Ukuta

Wenye nyumba wengi humsifu fundi kwa kasi yake: kaja asubuhi, jioni sebule imevuliwa karatasi zote za ukutani, basi huyo ni hodari. Kipimo hicho kimeharibu kuta nyingi. Anayetaka kujua kama kazi ni nzuri aanze na lile rundo la karatasi lililo sakafuni, alipekue na kuzigeuza upande wa nyuma. Mgongo wa karatasi ukiwa na gundi tu, fundi alifanya kazi yake. Ukiwa na mchanga, magamba ya rangi au vipande vya plasta, ukuta umebanduliwa pamoja na karatasi, hata kama kwa mbali unapendeza.

Hoja hii ina uzito zaidi Butembo na Beni kwa sababu ya kinachojificha nyuma ya karatasi. Nyumba nyingi huko ni za matofali ya udongo. Mengine yamechomwa, mengine yamekaushwa juani tu, na juu yake hupigwa plasta ya simenti, ile krepisaji ya mafundi wetu. Plasta ikishapigwa, macho hayatofautishi tofali bichi na lililochomwa. Maji yanatofautisha mara moja. Simenti iliyokomaa hailainiki ikilowa. Udongo mbichi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na plasta ngumu iliyoufunika haiwezi kuufuata, kwa hiyo huachana nao. Ndiyo maana fundi wa kweli, kabla ya kuomba ndoo, hugonga ukuta mzima kwa kifundo cha kidole. Panapojibu kwa sauti nzito, plasta imeshika. Panapolia kama mtungi mtupu, imekwisha kuachana na tofali, naye hupatia alama ya mkaa. Huchungulia pia kando ya fremu ya mlango, pale plasta ilipomeguka, aone tofali lenyewe. Asiyeuliza ukuta umejengwa kwa nini, msimwachie chumba.

Baada ya hapo tazameni anavyotumia maji. Karatasi yenye ngozi ya plastiki haipitishi maji, hivyo kuimwagia ni kulowesha sakafu bure. Ngozi huvutwa kwanza ikiwa kavu, kuanzia pembe ya juu, ikishuka sambamba na ukuta. Ukiivuta kuja kifuani, inang'oa. Hubaki karatasi nyembamba ya ndani, na hiyo ndiyo hupewa maji ya vuguvugu kwa sifongo lililokamuliwa, kipande kwa kipande, kisha ikaachwa kwa dakika kumi au kumi na tano. Gundi ya wanga, hata ile ya unga wa muhogo, hulainika yenyewe ikipewa muda. Nguvu za mkono huanza pale subira ilipoishia, na mikwaruzo hufuata. Kisu cha mastiki kiwe kipana, pembe zake zimepigwa tupa zikawa butu, na kilazwe karibu na ukuta. Karatasi za kujibandika ni habari nyingine: gundi yake haijali maji, ila hulegea kwa joto la mashine ya kukaushia nywele.

Wapo watakaosema mikwaruzo si kitu, mastiki itaziba. Mastiki huziba shimo. Haiwezi kushikilia plasta iliyoachana na tofali, bali itaanguka nayo. Wengine husema heri kupaka rangi juu ya karatasi. Rangi ya maji huamsha gundi ya zamani, karatasi ikafura malengelenge, na maungio yakaonekana hata baada ya mkono wa pili. Hata hivyo pingamizi hilo lina ukweli wake: juu ya tofali bichi lenye plasta inayolia tupu kila mahali, kuiacha karatasi mpaka siku ya kupiga plasta upya ni uamuzi wa busara, na fundi anayekushauri hivyo huku akipoteza kibarua anastahili kuitwa tena.

Ukaguzi ufanywe usiku, kwa tochi iliyolazwa ubavuni mwa ukuta. Mwanga wa namna hiyo hufichua kila mkwaruzo. Kisha pitisha kiganja chenye unyevu: panapoteleza pana gundi. Tone la iodini ya duka la dawa, likiwekwa mahali pasipoonekana, hugeuka bluu iliyokolea hadi nyeusi likikuta wanga. Gundi zisizo za wanga haliziumbui, kwa hiyo kiganja hakistaafu. Ya mwisho ni ukavu, na hapa miji hii miwili haifanani. Butembo iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, penye baridi na ukungu. Beni, kilometa zipatazo 54 kaskazini, iko chini zaidi na ina joto. Siku zinazotosha Beni hazitoshi Butembo, na rangi iliyopakwa juu ya unyevu huota kuvu. Bandika kipande cha nailoni angavu ukutani, ziba kingo zote kwa tepu, ukiache kilale hapo. Asubuhi kikiwa na matone kwa ndani, rangi ingoje, na sehemu ya mwisho ya malipo ingoje nayo.