Mbega wa Usambara na Mpaka wa Kujitolea

Katika Kiswahili neno kujitoa lina maana mbili zinazoelekea kupingana. Mtu hujitoa kwa ajili ya wenziwe, yaani huitoa nafsi yake iwe fidia yao. Na mtu hujitoa katika jambo, yaani huliacha akaenda zake. Anayetaka kuepukana na utata huo husema kujitolea, kwa maana kauli ya kutendea hudai ajulikane yule anayetendewa. Utata huo si wa sarufi tu. Ndio unaoitawala sehemu ya kwanza ya Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, kilichopigwa chapa kwanza na misheni ya Magila mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kisha kikahaririwa na J. W. T. Allen na kutolewa tena mjini Nairobi mwaka 1962.

Mbega, ambaye Washambaa humwita Mbegha, amezoeleka kusomwa kama mwindaji mgeni aliyejipatia ufalme kwa werevu na ukarimu. Usomaji huo si wa kukanushwa, lakini waanzia mahali pasipo mwanzo. Kabla ya kuwa mfalme, Mbega alikuwa kafara iliyokosa kutolewa.

Alizaliwa Ngulu akiwa kigego, maana meno yake yalianza kuota juu, na desturi ilihukumu ya kuwa mtoto wa namna hiyo huwaletea jamaa zake mauti, basi na auawe. Wazazi wake walimpenda wakamlea. Walipokwisha kufa, jamaa walimnyima urithi na kumtakia mabaya. Hapa yafaa maneno yapimwe kwa uangalifu. Ukoo ulidai ya kuwa uhai wa mmoja uwe bei ya usalama wa wengi; lakini kitolewacho kafara hakijitoi, hutolewa. Mbega hakukubali kuwa bei hiyo. Alijitoa, kwa ile maana ya pili: alichukua mbwa wake akatoka, wala masimulizi hayamlaumu.

Jaribio la pili ni gumu kuliko la kwanza. Huko Kilindi, mwana wa mtawala alifanya urafiki naye, akafuatana naye mawindoni, akauawa na nguruwe. Mbega hakurudi kumkabili baba wa marehemu. Mwandishi apita upesi kutoka kwenye msiba hata kwenye safari, na msomaji ana haki ya kuuliza kama kukimbia huku ni sawa na kule kwa Ngulu. Si sawa. Kule hakuwa na deni. Hapa alikuwa nalo, ijapokuwa hakukusudia kosa. Ajabu ni kwamba jina alilokwenda nalo Usambara, ambalo uzao wake ulilirithi, ni la mahali pale pale alipomwacha rafiki yake maiti. Kila anayetaja Wakilindi hulitaja deni lile bila ya kujua.

Milimani Mbega alianza kutoa. Aliwapa watu nyama, nao wakampa chakula cha mashamba yao. Kutoka Zirai sifa zake zilifika Bumbuli, na kutoka Bumbuli zikafika Vugha, kusini ya Lushoto ya leo, ambako, baada ya kuua simba, alisimikwa. Utoaji wake una kiasi: hutoa nyama asitoe nafsi, na apewaye hurudisha. Ndiyo maana alidumu.

Ulinganifu na kisa cha mbali waweza kulieleza jambo hili. Katika Naruto, hadithi ya picha ya Mjapani Masashi Kishimoto iliyotolewa kwa mfululizo tangu 1999 hata 2014, na ambayo vijana wengi wa Afrika ya Mashariki waijua, Itachi Uchiha aliua ukoo wake mwenyewe kwa amri ya wakuu wa kijiji ili kuzuia vita, akamwacha hai mdogo wake Sasuke, akakubali kuitwa haini. Wasomaji humsifu kwa kujitolea. Lakini mwandishi mwenyewe hakuishia katika sifa hizo, kwa maana Itachi aliyerudishwa baada ya kufa akiri ya kuwa alikosea kutaka kuyabeba yote peke yake. Mdogo wake, aliyekusudiwa kufadhiliwa, alikulia katika chuki. Itachi alilitimiza dai ambalo Mbega alilikataa. Tena alijitolea kwa ajili ya mtu asiyepata kuulizwa.

Hata hivyo Mbega naye hakuokoka kabisa. Alipofariki Vugha, kifo chake kilifichwa mpaka mwanawe Buge akaletwa kwa siri kutoka Bumbuli, ili nchi isikae bila mfalme. Aliyekataa kufa kwa ajili ya ukoo hakuruhusiwa kuwa na kifo chake mwenyewe. Hapa ndipo penye msiba wa kisa, nao ulianza siku alipopokea ufalme kwa hiari yake.

Jambo hili si la kale tu. Tangu 1946, huko Mlalo, wakulima wa Usambara waliamrishwa na serikali ya kikoloni kulima kwa matuta, wakaambiwa ya kuwa jasho lao ni kwa faida ya ardhi na ya watoto wao. Huenda faida ilikuwapo. Hiari haikuwapo, na mpango uliachwa kabla ya uhuru wa 1961. Kila mara amri inapovishwa nguo ya kujitolea, kiambishi -ji- hutumiwa kwa uwongo, kwa kuwa mtendaji na mtendwa si mtu mmoja.

Ubora wa kitabu cha Abdallah bin Hemedi ni kwamba hakimfanyi Mbega kuwa mtakatifu wala mwoga. Chamwonyesha mtu aliyejua kuwapa watu mengi na kuwanyima moja, na chaliacha deni la Kilindi bila kulipwa.