Baiskeli ya Chuma Milimani: Iliyofufuliwa na Iliyopakwa Rangi

Ukionyeshwa Raleigh, Phoenix au Hero ya zamani iliyokarabatiwa, iwe Kyarumba, Bwera au Kasese mjini, usianze na rangi. Rangi nyeusi ni kazi ya siku moja, na muuzaji anajua kwamba jicho la mnunuzi hufika hapo kwanza. Mwombe ruhusa, ipindue baiskeli ikae kwa siti na usukani, kisha uanze kuisoma kutoka chini, mahali ambapo brashi huwa haifiki vizuri.

Unachotafuta ni historia ya kazi yake. Baiskeli hizi hazikununuliwa kwa matembezi. Za bondeni zilibeba pamba, nyingine chumvi ya Ziwa Katwe. Za mpakani zimevuka Mpondwe kwenda Kasindi na kurudi. Za milimani zimeteremsha kahawa, kwa maana Kyarumba iko kwenye miteremko ya Rwenzori na mavuno ya wakulima wake, wakiwemo wa ushirika wa Bukonzo Joint wenye makao hapo hapo, lazima yashuke. Kila kazi huacha jeraha lake, na fundi mzuri ni yule aliyelitambua jeraha kabla ya kufungua kopo la rangi.

Jeraha la chumvi liko ndani. Chumvi hukaa pale maji yanapotuama: kwenye kasha la ekseli ya krenki, kwenye mabomba mawili membamba yanayoelekea gurudumu la nyuma, chini ya madigadi. Chomoa siti pamoja na nguzo yake, umulike ndani ya bomba kwa tochi ya simu. Kutu ya unga wa kahawia si kitu. Husafishwa, ikapakwa mafuta, mambo yakaisha. Kutu inayobanduka kwa magamba maana yake chuma kimepungua unene, na hakuna rangi inayorudisha chuma. Na kama nguzo ya siti haichomoki hata kwa nguvu, umekwisha kujibiwa: huyo aliyejiita mkarabati hakuwahi kuifungua.

Jeraha la kahawa liko mbele. Gunia nyuma, mteremko mrefu, breki ya mbele imekazwa: foki ndiyo inayolipa. Simama ubavuni mwa baiskeli ufumbe jicho moja. Mstari wa bomba la kichwa unapaswa kuendelea moja kwa moja hadi sehemu ya juu ya foki, kabla foki yenyewe haijaanza kupinda kwenda mbele. Ikirudi nyuma hata kidogo, baiskeli iliwahi kugonga kitu. Pitisha kidole chini ya mabomba mawili makubwa, karibu na yanapoungana na bomba la kichwa. Mkunjo mdogo hapo, ambao jicho halikuuona kwa sababu ya rangi mpya, kidole kitauhisi. Fremu yenye mkunjo huo mimi siinunui kwa bei yoyote.

Kisha chukua uzi. Ufunge kwenye tundu la ekseli ya nyuma upande mmoja, uupitishe mbele ya bomba la kichwa, uurudishe hadi tundu la upande wa pili, uukaze. Pima umbali kutoka kwenye uzi hadi bomba la siti, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita moja au mbili huvumilika kwa baiskeli ya kazi. Ikizidi hapo, magurudumu hayafuatani, na utaisikia kwenye usukani kila ukiachia mkono mmoja. Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote zaidi ya uzi na rula, ndiyo maana fundi asiyekijua hana kisingizio.

Fremu za aina hii ziliungwa kwa shaba iliyoyeyushwa ndani ya viungio. Kiungio kikiachia, hurekebishwa kwa moto wa gesi na shaba vilevile. Ukiona donge la kulehemu kwa umeme juu yake, achana nayo: shaba ikichanganyika na ulehemu hutia vinyweleo na nyufa, na joto lile huharibu kile kilichobaki kizima. Tazama pia kingo za viungio. Za kiwandani ni kali na zina umbo. Zikiwa butu, kuna kandiko la kuficha chini ya rangi. Na kibandiko cha Reynolds 531, ile aina ya mabomba mepesi iliyotoka Birmingham mwaka 1935, kikiwa kwenye baiskeli nzito ya breki za vyuma, kitilie shaka. Vibandiko ni rahisi kuliko chuma.

Kwenye krenki ndipo ujuzi na ubabaishaji huachana. Raleigh za Nottingham zilikatwa nyuzi za skrubu 26 kwa inchi, ilhali kiwango cha kawaida cha Kiingereza ni 24. Fundi asiyejua hulazimisha kikombe cha 24 kiingie, nyuzi zinakwanguka, na baada ya miezi michache krenki inayumba kama jino bovu. Muulize muuzaji vikombe vilitoka wapi. Angalia pia pini zinazokaza mikono ya krenki. Zina ubapa wa mshazari unaochongwa kwa tupa mpaka ukae sawasawa, na zinaingizwa kwa kupishana, moja kutoka mbele na nyingine kutoka nyuma. Zikikosewa, mikono miwili haikai kwenye mstari mmoja. Kichwa cha pini kilichopondwa kwa nyundo kinatosha kukueleza tabia ya karakana nzima. Gololi, kwa kawaida, ni 11 za robo inchi kila upande. Ekseli ikizungushwa kwa vidole izunguke bila kukwaruza na bila kucheza.

Magurudumu hayataki maneno mengi. Baiskeli hizi kwa desturi zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwenye rimu ya 28 kwa inchi moja na nusu. Gonga spoki kwa kijiti. Za upande mmoja zitoe sauti zinazokaribiana. Tundu la rimu lisilo na spoki halina maelezo ya kuridhisha. Mnyororo upime kwa rula: pini 25 mfululizo hufanya inchi 12, na zikifika inchi 12 na moja ya nane, umechoka, na meno yake yamechoka pamoja nao.

Sasa uboreshaji, ambao wengi huufikiria kwa mpangilio mbaya: gia kwanza, breki baadaye. Kwa atokaye Kyarumba kuteremkia barabara ya lami ya Kikorongo–Mpondwe, breki ndiyo baiskeli. Breki za vyuma husukuma mpira dhidi ya uso wa ndani wa rimu, na rimu ya chuma yenye kromu ikilowa mvua hushikika kwa shida sana. Rimu ya aluminiamu yenye breki za waya hushika vizuri zaidi. Lakini zile za kawaida zina kipenyo cha milimita 622 badala ya 635, kwa hiyo breki lazima ifike milimita 6.5 chini zaidi, na utalazimika kutafuta tairi ya saizi nyingine. Mimi ningebadilisha ya mbele tu, kwa kuwa ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kusimamisha, na nyuma ningeacha chuma cha spoki 40 kibebe gunia.

Kuhusu gia, jambo la bei nafuu ni friwili: toa ya meno 18, weka ya 22, ongeza pingili za mnyororo, na mlima utapungua ukali. Ukibahatika kupata haba ya gia tatu ya Sturmey-Archer, ile AW iliyoanza mwaka 1936, geuza uone mwaka uliochongwa juu yake. Ndicho cheti cha kuzaliwa cha gurudumu hilo. Waya wake urekebishwe kwa makini, kwa sababu kati ya gia ya pili na ya tatu kuna mahali ambapo pedeli huzunguka bure, na aliyesimama juu ya pedeli na mzigo nyuma anaweza kuanguka.

Siti ya ngozi, kengele na taa ya dinamo ni vya moyo, nunua upendavyo.

Ukimaliza ukaguzi wote, usiipande kwanza wewe. Funga gunia kwenye keria, mpe muuzaji, umwombe ateremke nayo hadi chini ya kilima. Akisita, mwachie baiskeli yake.