Malenga wa mitandaoni wanahitaji wajibizani, si maua

Sikubaliani na wanaodai kuwa mitandao ya kijamii imeua ushairi wa Kiswahili. Katika kundi moja la WhatsApp nililomo, hakupambazuki bila shairi jipya. Mengine hughaniwa na kurekodiwa, jambo jema mno, kwani shairi letu liliimbwa kabla ya kupigwa chapa.

Kinachonikera ni majibu. Muyaka bin Haji wa Mombasa (yapata 1776-1840) alipowachokoza Walamu kwa beti, malenga wao, akiwemo Zahidi Mngumi, walimjibu kwa beti. Jibu halikuja siku hiyo hiyo, lakini lilikuja na vina vyake na mizani yake, tena likiuma!

Siku hizi mtu hutundika tarbia, mshororo huu una mizani 15, ule 17, badala ya 16 kotekote. Papo hapo anamiminiwa emoji za maua na makofi. "Heko malenga!" Nani atamwambia kuwa kibwagizo chake kinachechemea? Ukithubutu, utaambiwa eti wazee mna wivu.

Msomaji, ukikutana na ubeti wangu humo, maua baki nayo. Nijibu kwa ubeti.