Maoni juu ya "Darubini ya Redio" na "Galaksi Kibete"

Miongoni mwa istilahi za falaki zinazotumiwa siku hizi, ziko mbili ambazo kwa maoni yetu zilistahili kufikiriwa zaidi kabla ya kuenea: darubini ya redio na galaksi kibete. Hatuzilaumu kwa ugeni wake. Lawama yetu ni kwamba zinamfundisha mwanafunzi jambo lisilo kweli.

Mtu akisimama ufukweni Msimbati, karibu na mlango wa Ruvuma, usiku wa giza mwezi wa Desemba, akaelekea kusini, ataona madoa mawili meupe yaliyojitenga na Njia Nyeupe. Hayo ndiyo Mawingu ya Magellan, nayo ni galaksi jirani zetu. Lile kubwa liko umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi, na dogo kama 200,000. Mtoto wa Mtwara huyaona kwa macho matupu. Mwenzake wa London hayaoni kamwe.

Tuje kwenye chombo. Asili ya neno darubini ni Kiajemi, na maana yake ni kuona mbali. Chombo hiki hakioni, bali hupokea mawimbi. Haidrojeni iliyomo katika galaksi hutoa wimbi lenye urefu wa sentimita 21, ambalo hupokewa mchana na usiku, hata mbingu zikitanda. Redio nayo, kwa msomaji wetu, ni kile kisanduku kinachosoma taarifa ya habari. Si ajabu mwanafunzi akiuliza ni stesheni gani inayosikika. Waliotupa hadubini hawakuridhika na kuongeza maneno nyuma ya darubini. Ikiwa tunacho kinasa sauti, kwa nini tusiseme kinasamawimbi? Mvuvi wa Ghuba ya Mnazi hahitaji kufundishwa maana ya kunasa.

Kibete ndilo tatizo kubwa zaidi. Neno hili hutaja kimo, hudokeza kasoro, na watu hudhihakiwa kwalo. Galaksi hizi hazikudumaa. Uchunguzi wa mawimbi hayo, ulioanza kwa Mawingu haya huko Australia katika miaka ya 1950, umeonyesha kwamba baadhi ya galaksi za aina hii zina gesi yenye uzito kuliko nyota zake, yaani mali ghafi ingali ghalani. Nyingi zilizo karibu na Njia Nyeupe zimekwisha kupokonywa gesi yake. Mawingu mawili yamesalia nayo kwa wingi. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha uchunguzi, na kibete huificha. Galaksi ndogo ingetosha. Ni kweli kwamba tutalazimika kusema Wingu Kubwa ni galaksi ndogo, lakini mkanganyiko huo hatukuuanzisha sisi.

Gesi hii, bila shaka, si ile iliyogunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na mwalimu wa Mtwara hana budi kulisema hilo mapema.

Mahali pengine tafsiri ya moja kwa moja haidhuru. Utepe wa haidrojeni unaoyafuata Mawingu, uliotambuliwa mwaka 1974, yafaa uitwe Mkondo wa Magellan. Aliyeona maji ya Ruvuma yakiingia baharini wakati wa masika ataelewa.

Msumbiji, ng'ambo ya mto, ni moja ya nchi nane za Afrika zilizoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa SKA, na Kiswahili husemwa kandokando zote mbili. Kamati ya istilahi ikikaa tena, tunaomba ianze na kinasamawimbi.