Biashara iliyopigwa marufuku, na jinsi Mji Mkongwe unavyoisimulia

Matembezi ya Mji Mkongwe wa Unguja juu ya biashara ya watumwa yana kilele kimoja, nacho kiko Mkunazini. Mgeni ameshapitishwa Forodhani, ameonyeshwa Ngome Kongwe, amesimama Shangani mbele ya nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na kuelezwa habari za mlango wake wa nakshi. Halafu anaingizwa kwenye eneo la kanisa kuu la Anglikana, anateremshwa ngazi hadi vyumba vya chini, anainama ili dari isimgonge, na humo ndani, kwenye giza na hewa nzito, anaambiwa idadi ya watu waliorundikwa wakisubiri mnada. Wengi hutoka wakifuta machozi.

Kwa upande wa ufundi, kituo hiki kimepangwa vizuri mno. Mwili wa msikilizaji unatangulia kuelewa, maneno yanafuata. Kasoro iko kwenye ushahidi. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na jengo lililo juu ya vyumba vile ni la misheni, lililosimamishwa baada ya hapo. Wanahistoria wamekwisha kueleza kwamba vyumba hivyo ni sehemu ya jengo hilo. Haviwezi kuwa vilihifadhi watu wa soko ambalo halikuwapo tena. Soko lenyewe lilikuwa uwanja wa wazi. Lilikuwa hapo hapo Mkunazini, na watu waliuzwa hapo kweli. Ukweli huo ulihitaji gereza la kuazima?

Swali hili linanihusu mimi wa Kasenga, mtaa wa Uvira huko Kongo, kuliko linavyomhusu mtalii. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, walikuta kituo cha biashara cha kaskazini ya Ziwa Tanganyika, ambako wafanyabiashara walifuata pembe za ndovu na watu. Mitumbwi ilishuka na mali hiyo hadi Ujiji, kisha ikawa mwendo wa miguu kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Baadaye Muhammad bin Khalfan, ambaye watu walimwita Rumaliza, mshirika wa Tippu Tip, alieneza nguvu zake kutoka Ujiji hadi pwani hizi zetu, mpaka aliposhindwa na majeshi ya Dola Huru la Kongo mwaka 1894. Kwa hiyo ule mlango wa Shangani una deni huku kwetu. Lakini mwongozaji akifika hapo husema tu kwamba watu waliletwa “kutoka bara”, na bara hiyo haina ziwa wala mji wenye jina.

Sehemu inayopitwa kwa haraka zaidi ndiyo ningeitaka ichukue nusu ya matembezi: miaka baada ya marufuku. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar, akitishiwa kuzingirwa na manowari za Uingereza, alitia saini mkataba uliosukumwa na balozi John Kirk. Usafirishaji wa watumwa baharini ukawa kosa, na masoko yakafungwa. Kumiliki mtumwa, hata hivyo, kuliendelea kuwa halali hadi 1897. Hapo ndipo magendo yalipopata upenyo. Mtu aliyevushwa usiku alikuwa ushahidi wa kosa akiwa ndani ya jahazi tu. Akishafika shambani, miongoni mwa watumwa waliomilikiwa kwa sheria, nani angemtambua?

Na mahitaji yalikuwapo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, hivyo Pemba ikataka mikono mingi. Bahari ilipofungwa, wafanyabiashara wa Kilwa waliwaswaga watu kwa miguu kuelekea kaskazini kandokando ya pwani hadi sehemu za Pangani, ambako mkondo wa kuvukia Pemba ni mfupi na giza la usiku mmoja linatosha. Mwaka 1876 Barghash alipiga marufuku misafara hiyo ya nchi kavu pia. Waingereza nao walitia nanga manowari HMS London bandarini Unguja kuanzia 1874 hadi 1883, na mashua zake zikawa zinazunguka kusaka majahazi.

Ujanja mkubwa kuliko wote ulikuwa wa karatasi. Ufaransa haikukubali Waingereza wapekue vyombo vyake, na baadhi ya manahodha, hasa wa Sur kule Omani, walijipatia hati na bendera ya Kifaransa. Desemba 1881, Kapteni Brownrigg wa HMS London aliuawa karibu na Pemba alipolikaribia jahazi lililopeperusha bendera hiyo likiwa na watumwa ndani. Ugomvi wa bendera zile ulifika hadi Mahakama ya Usuluhishi ya The Hague, iliyotoa uamuzi mwaka 1905.

Haya yote hayakuacha kuta nyingi. Mangapwani, kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya mji, kuna chumba kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe karibu na ufuko, na kinanasibishwa na magendo ya miaka hiyo. Ni mbali kwa miguu. Ndani ya mji, mhalifu wa marufuku aliacha karatasi, na karatasi ni ngumu kumwonyesha mtu aliyesimama juani.

Ngumu, lakini inawezekana. Ningeanza Forodhani, mgeni akiitazama bandari ilikolala HMS London, asomewe masharti ya mkataba wa 1873 na kuulizwa jahazi lipi lingepekuliwa na lipi lingeachwa. Kisha Shangani, kwenye nyumba iliyokuwa ubalozi wa Uingereza hadi 1874. Mkunazini ningemsimamisha kwanza kwenye sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998, watu watano shimoni wakiwa na minyororo shingoni. Zile hazidai kuwa masalio. Ni kazi ya msanii, na huzuni yake haimdanganyi mtu. Vyumba vya chini vibaki, ila vielezwe jinsi vilivyojengwa na jinsi vilivyokuja kusimuliwa.

Kwetu Uvira hatuna hata chumba cha kubishania, na nauona huo kuwa mwanzo mzuri. Mwongozaji wa Kasenga angeanzia mwaloni, akanyoosha mkono kusini kuelekea Ujiji na kutaja vituo vyote hadi Mkunazini. Angeeleza waliokamata watu na waliowauza, wakiwamo watu wa huku huku ziwani, na ya kusimuliwa na wazee angeyatoa kwa jina hilo hilo la masimulizi. Kisha angepanda na wageni wake kuelekea sokoni, akiendelea kusimulia njiani.