Safari ya Shujaa na Kazi ya Mwanga katika Filamu ya “Yeelen”

Masimulizi ya kale humtoa shujaa nyumbani, humpitisha katika majaribu, kisha huwaachia watu wake jambo la kuwafaa. Filamu ya Yeelen, iliyoongozwa na Souleymane Cissé wa Mali na kupata Tuzo ya Baraza la Waamuzi huko Cannes mwaka 1987, inafuata mpango huo. Lakini ndani yake mna swali zito: elimu ya wazee ni mali ya nani?

Nianankoro ni kijana wa Kibambara. Baba yake, Soma, ni mmoja wa wakuu wa Komo, chama cha siri chenye kuhodhi elimu ya jadi. Akihofu kwamba mwanawe atazijua siri hizo, anaazimia kumwua. Wanafunzi wanaomjua Fumo Liyongo watakumbuka mwana aliyetumwa kumwua baba. Hapa baba ndiye anayemwinda mwana.

Mama anamtuma kijana kwa ami yake, Djigui. Njiani anawaokoa Wafulani vitani kwa kuwaita nyuki na moto. Hata hivyo, akiombwa kumganga Attou, mke mdogo wa mfalme, anazini naye, kisha anakiri kosa lake mbele ya mfalme. Basi, shujaa huyu si malaika, na ukubwa wake umo katika kukiri. Alipofika kwa Djigui anamkuta kipofu. Mzee huyu alipokuwa kijana aliomba siri za Komo zifunuliwe kwa watu wote. Kwa hasira baba yake mwenyewe akampofusha kwa mwanga mkali. Tunaona kwamba kiini cha hadithi kimo hapa.

Kwa upande wa fani, uchawi umejengwa kwa vitu vya kawaida: gogo linalowavuta wawili walilobeba, mtu aliyeganda kama mti, mama anayejimwagia maziwa kinamasini. Jua, vumbi na nyuso za watu zinafanya kazi ambayo wengine wangeiachia mitambo. Baba na mwana wanapokabiliana mwishoni, tunaonyeshwa tembo na simba, kisha weupe unaofuta kila kitu. Neno yeelen lina maana ya mwanga. Na mwanga uleule uliompofusha Djigui ndio unaoumaliza utawala wa Soma. Fani na maudhui vimeshikana barabara.

Hatuna budi kutaja upungufu mmoja. Ibada ya Komo inaonyeshwa kwa kirefu, na maelezo mafupi ya mwanzoni hayatoshi kumsaidia mtazamaji wa mbali. Huenda ikasemwa kwamba siri sharti ibaki siri. Lakini kazi inayolaumu kufichwa kwa elimu haiwezi kujitetea hivyo.

Nianankoro harudi nyumbani. Anayebaki ni mwanawe mdogo, anayefukua mayai mchangani na kupokea vazi la baba yake. Kwa hiyo safari haikuwa ya mtu mmoja. Sisi tunaofundisha utamaduni wa taifa tujiulize kama tunawakabidhi vijana vazi hilo, au tunalifungia sandukuni na kuita kufungia huko kuhifadhi. Mzee anayekufa na elimu yake hakuihifadhi, amezikwa nayo.