Neno "Sisi" katika Kitabu cha Marubani

Kitabu cha David Lewis kilichotoka mwaka 1972, We, the Navigators, yaani Sisi Marubani, ni jibu kwa kitabu kingine. Mwaka 1956 Andrew Sharp wa New Zealand alitoa Ancient Voyagers in the Pacific, akashika kwamba watu wa kale wa Polinesia hawakuweza kwenda na kurudi kwa kukusudia masafa ya bahari tupu yapitayo maili 300 hivi. Visiwa vya mbali, kwa rai yake, vilipata watu kwa ajali: waliopotea na waliokimbia kwao walichukuliwa na pepo, wakatupwa pwani wasiyoijua. Hakukosa ushahidi. Mwaka 1777 Kapteni Cook aliwakuta katika kisiwa cha Atiu watu wa Tahiti waliotupwa huko na bahari. Sharp si mwandishi wa kupuuzwa, kwani alizifuta hadithi nyingi tamu zilizokuwa zikipokewa bila kupimwa. Kasoro yake ni kuwa aliwahukumu mabaharia kwa karatasi za wageni.

Lewis, tabibu na baharia, alikwenda kuwauliza wenyewe. Alisafiri na Tevake wa Reef Islands na Hipour wa Puluwat, akaweka kando dira na ramani, akawaachia waongoze mashua yake. Mwaka 1969 Hipour aliifikisha Saipan, zaidi ya maili 400, kisha akairudisha. Njia hiyo ilikuwa haijapitwa na watu wa kwao kwa muda wa vizazi. Nyota zake zilikuwa zimehifadhiwa vinywani tu.

Sehemu bora ya kitabu ni ile inayoeleza hesabu iitwayo etak. Rubani wa visiwa vya Caroline huchukua kwamba chombo chake kimetulia, na visiwa ndivyo vinavyopita. Kisiwa cha tatu, kilicho kando ya njia na kisichoonekana, huwa chini ya nyota fulani safari inapoanza. Kadiri chombo kinavyokwenda, kisiwa hicho hurudi nyuma, kikawa chini ya nyota ya pili, kisha ya tatu, na kwa hayo rubani hujua amefika wapi. Msomaji aliyelelewa na ramani huona mambo yamepinduliwa. Lakini mtu aketiye tezini usiku kucha, asiyeona ila maji na nyota, huyaona hivyo hivyo hasa, na Lewis ana sifa ya kuandika kutoka tezini. Vivyo hivyo katika habari za mawimbi yatokayo mbali, ambayo husikiwa kwa mwili kuliko kuonwa kwa macho, na za ndege wanaovua baharini mchana na kurudi nchi kavu jioni, ambao humwonyesha rubani kisiwa ambacho bado kimezama chini ya upeo wa macho.

Hata hivyo, hoja yake ina pengo. Puluwat si Polinesia. Elimu iliyokuwa hai kwa Hipour haithibitishi peke yake kwamba Mtahiti wa kale alikuwa nayo. Pengo hilo lilizibwa na wengine. Mwaka 1973 Levison, Ward na Webb walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba kuchukuliwa na maji tu hakungeweza kuwafikisha watu Hawaii wala New Zealand. Mwaka 1976 Mau Piailug wa Satawal aliiongoza Hōkūleʻa kutoka Hawaii hata Tahiti bila chombo chochote cha kupimia. (Swali hilo lina ncha yake ya pili huku magharibi: lugha ya Bukini ni ndugu wa lugha za Polinesia, na hapana anayedhani kwamba lugha ilivuka Bahari ya Hindi peke yake.)

Lililo zito zaidi limo katika jina la kitabu. Kiswahili kina "sisi" moja, na Kiingereza vilevile. Lugha za Polinesia zina mbili: Wamaori husema tātou wakimtia msikilizaji ndani, na mātou wakimwacha nje. Lewis hasemi ni ipi. Katika kitabu chake rubani husimama karibu peke yake; waliochonga chombo, waliosuka tanga na waliobaki pwani wakingoja hawaonekani sana. Thomas Gladwin, katika East Is a Big Bird cha mwaka 1970, alikuwa ameona mbali zaidi: Puluwat chombo ni mali ya ukoo, nyota hufundishwa kwa kokoto zilizopangwa juu ya mkeka, na asiye wa ukoo haipati elimu hiyo bure. Hiyo ni "sisi" yenye mlango, na ufunguo wake si wa mwandishi.

Mau alipokubali kuwafundisha Wahawaii, wako nyumbani waliomlaumu. Mwaka 2007, pale pale Satawal, aliwaingiza Wahawaii watano katika daraja ya marubani.